Kabla Hujaitaja Namba Yako

Dereva wa lori anayetoka Kahama akifika Nyakanazi ana njia mbili. Akinyoosha anaingia Lusahunga, na kutoka hapo Biharamulo, au Ngara hadi mipaka ya Rusumo na Kabanga. Akikata kushoto anashika njia ya Kakonko, Kibondo na Kigoma. Mji unaokua mahali pa namna hii huishi kwa wageni, na mgeni hana anayemjua. Kijijini mtu hukopeshwa kilo ya sukari kwa sababu mwenye duka anamjua baba yake. Njia panda haimjui baba wa mtu. Kwa hiyo kila huduma inatafuta kitu cha kushika mahali pa kujuana, na kitu hicho ni kilekile kila unakokwenda: "Taja namba."

Mfuate msafiri mmoja kwa siku moja. Tiketi ya basi inachukua jina na namba yake. Guesti inamfungulia daftari la wageni: jina, kabila, kazi, atokako, aendako, namba ya simu, na mara nyingi namba ya kitambulisho. Wakala anamwandika kwenye daftari jingine, kiasi alichotoa kikiwa pembeni. Ananunua bando. Analipia sola ya mkopo aliyoiacha nyumbani. Usiku, kabla ya kulala, anapakua programu inayoahidi mkopo wa dakika tano. Hakuna aliyemwibia kitu, na kila alichokitoa, ukikitazama peke yake, ni kidogo: jina lake linajulikana, safari yake si siri, na sola iko juu ya bati, mwenye macho anaiona. Watu wengi hufikiri hadi hapo wakaacha. Lakini vipande hivyo vyote vimebeba kitu kimoja kinachojirudia, yaani namba ya simu, na mwenye vipande viwili akivioanisha kwa namba hiyo anampata mtu mzima: anatoka wapi, amelala wapi, ana shilingi ngapi, anadaiwa na nani. Madhara hayamo kwenye kipande. Yamo kwenye kushonwa kwa vipande, na namba ndiyo uzi. Huwezi kuficha kila kitu, wala huna haja. Unachoweza, na ndicho utakachojifunza hapa, ni kupunguza mahali ambako uzi unapita.

Uzi umekazwa kiasi gani

Zamani laini ilinunuliwa barabarani kama karanga, na namba haikusema lolote kuhusu mwenyewe. Hali hiyo iliisha tarehe 20 Januari 2020, siku ya mwisho iliyowekwa kwa usajili wa laini kwa alama za vidole. Baada yake laini ambazo hazijasajiliwa zilianza kuzimwa. Sababu ilikuwa na uzito: matapeli walikuwa wakijificha nyuma ya laini zisizo na mwenyewe. Lakini matokeo yake ni kwamba nyuma ya kila namba sasa kuna kidole na namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa. Na namba ya NIDA nayo inasema. Ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku yako ya kuzaliwa. Aliyeinakili kwenye daftari amepata umri wako bila kukuuliza. Sasa fikiria ni wangapi wametumia mwaka wa kuzaliwa kuwa namba ya siri ya akaunti ya pesa, kwa kuwa ni tarakimu nne na haisahauliki. Mtu huyo ameandika namba yake ya siri kwenye kila daftari aliloandika NIDA yake, kando ya namba ya simu yenye pesa.

Wanaokusanya taarifa zako wako katika makundi matatu. La kwanza, linalokujua kuliko yote, ni kampuni yako ya simu. Ili simu iite lazima kampuni ijue uko chini ya mnara upi. Ili ikutoze lazima ijue ulimpigia nani na kwa dakika ngapi. Ili pesa ziende lazima ijue umemtumia nani na kiasi gani. Hayo yote ni ya lazima kwa kazi yenyewe. Swali huanza taarifa zilizokusanywa kwa kazi moja zinapofanyishwa kazi ya pili. M-Pawa na Timiza zilipoanza mwaka 2014, na Songesha baadaye, Watanzania waliona kitu kipya: mkopo usiodai hati ya kiwanja wala mdhamini. Dhamana ilikuwepo, ila haikuonekana. Ilikuwa mwenendo wako, yaani unavyoongeza salio, unavyoweka na kutoa pesa, unavyorejesha ulichoazima. Kompyuta inausoma mwenendo huo na kukupa kiwango. Mwenzako mkulima wa mahindi anayepata pesa nyingi mara mbili kwa mwaka na kukaa kimya katikati anaweza kusomeka vibaya kuliko mwendesha bodaboda anayezungusha kidogo kila siku, hata kama mkulima ndiye mwenye uwezo mkubwa. Mashine inasoma mzunguko, shamba hailioni.

Kundi la pili ni programu za simu janja, na hapa jambo la kuelewa ni moja: programu unayoiona si lazima iwe ya kampuni moja. Waundaji huchukua vipande vilivyotengenezwa na kampuni nyingine, vya kuhesabu watumiaji au kuonyesha matangazo, wakavipachika ndani. Unakubaliana na mmoja, ndani wamekaa watano. Uganda iliona mfano wake mapema mwaka 2021, pale mamlaka ya teknolojia ya nchi hiyo, NITA-U, ilipobaini kwamba SafeBoda, kampuni ya usafiri wa bodaboda, ilikuwa ikipeleka taarifa za wateja kwa CleverTap, kampuni ya Marekani, bila wateja kuelezwa ipasavyo. Abiria wa Kampala aliyeita bodaboda hakujua kwamba safari yake ina msikilizaji ng'ambo.

Kundi la tatu husahaulika kwa sababu halina waya: karatasi. Daftari la guesti likiwa wazi juu ya kaunta, anayeandika jina lake saa mbili usiku anasoma majina ya waliotangulia, vyumba vyao na namba zao. Mama mfanyabiashara anayelala njiani akielekea mnadani huanza kupigiwa na mtu asiyemjua usiku huohuo, na hajui namba imetokea wapi. Fomu za zamani nazo huuzwa kwa kilo, na karatasi inayofungia karanga inaweza kuwa na jina la mtu, mshahara wake na saini yake.

Kazi ya jioni moja

Hizi ni hatua ambazo hazihitaji fundi wala pesa. Mwenye kitochi afanye ya kwanza, ya pili na ya tatu. Mwenye simu janja afanye zote.

1. Piga *106# na ufuate maelekezo ya kuhakiki usajili, ukiwa na namba yako ya NIDA. Utaona laini zilizosajiliwa kwa jina lako. Kuna wasajili waliokuwa wakimwambia mteja "dole halijasoma, weka tena," na dole la pili likasajili laini ya mtu mwingine. Ukikuta namba usiyoijua, nenda duka la kampuni husika na kitambulisho chako, idai iondolewe, na usiondoke bila kuthibitisha kwamba imeondoka. Laini hiyo ikitumika kutapeli, jina litakaloonekana kwanza ni lako.

2. Kama namba yako ya siri ni mwaka wa kuzaliwa, wako au wa mtoto, ibadilishe leo. Usitumie pia tarakimu nne za mwisho za namba ya simu.

3. Kama una laini mbili, zigawie kazi. Moja iwe ya pesa na ndugu: hii usiitaje guesti, dukani, kwenye tiketi wala kwenye fomu za bahati nasibu. Nyingine iwe ya kutaja. Tuseme ukweli: zote ziko chini ya NIDA moja, na mwenye mamlaka ya kuziunganisha ataziunganisha. Lakini mhudumu wa kaunta hawezi, mfanyabiashara aliyenunua orodha ya namba hawezi, na tapeli anayebahatisha "ile hela tuma kwenye namba hii" atakuwa anaigonga laini isiyo na hela.

4. Fungua Mipangilio, ingia sehemu ya faragha, kisha meneja wa ruhusa. Anza na tatu: majina ya simu, mahali ulipo, na ujumbe mfupi. Kila programu iliyoruhusiwa iulize swali moja: inaihitaji ya nini? Ramani inahitaji mahali ulipo. Tochi haihitaji. Kikokotoo hakihitaji majina ya watu. Isiyo na jibu, iondolee ruhusa; ikikataa kufanya kazi, ifute.

5. Kwenye simu nyingi za Android, ndani ya Mipangilio kuna sehemu ya Google, na humo sehemu ya Matangazo. Utakuta nafasi ya kufuta kitambulisho cha matangazo. Hicho ni alama ambayo programu mbalimbali huitumia kutambua kwamba aliyetazama bei ya sola asubuhi ndiye anayesoma habari za mpira jioni. Kukifuta hakuondoi matangazo; kunaondoa uzi mmoja.

6. Washa uthibitishaji wa hatua mbili kwenye WhatsApp. Tarakimu sita zinazokuja kwa ujumbe usimpe mtu yeyote, hata anayejitambulisha kuwa mhudumu wa kampuni, hata mwanao.

*Makosa yanayojirudia.* Kumwachia wakala simu "akusaidie" huku ukimtajia namba ya siri. Kuitaja NIDA kwa sauti kwenye foleni badala ya kuiandika au kuionyesha. Kutuma picha ya kitambulisho kwa WhatsApp kwa mtu uliyekutana naye kwenye tangazo la kazi. Kuacha nakala ya kitambulisho kwenye mashine ya kudurufu stendi. Kubonyeza "kubali" kwa sababu kitufe cha kukataa ni kidogo. Ni kidogo kwa makusudi.

Mkopo wa dakika tano

Hapa inafaa kukaa kidogo, kwa sababu ndipo taarifa zinapogeuka fimbo. Mikopo ambayo mtaani inaitwa kausha damu ilikuwapo kabla ya simu: mkopeshaji alishika kadi ya benki, au godoro. Programu za mikopo zilileta dhamana mpya, nayo ni aibu. Ulipoisakinisha, iliomba kusoma majina kwenye simu yako. Ukachelewa siku mbili, wakaanza kupigiwa watu: mwajiri, mchungaji, mama mkwe, fundi wa pikipiki. "Mjulishe ndugu yako alipe deni." Wengine walitumiwa picha ya mdaiwa ikiwa na neno mwizi juu yake. Deni lenyewe wakati mwingine ni elfu thelathini.

Iangalie kwa makini ruhusa ile uliyoitoa, maana ina kasoro ambayo haitibiwi na kubonyeza "nakubali". Majina mia tatu yaliyo kwenye simu yako si mali yako. Kila mmoja alikupa namba yake kwa sababu yake: fundi ili umwite, mama mkwe ili umsalimie. Hakuna aliyekupa ili awe mdhamini wako kwa kampuni asiyoijua. Unapokubali kwa niaba yao unatoa kisicho chako, na ndiyo maana hata mtu asiyewahi kukopa, hata mwenye kitochi asiye na programu hata moja, anaweza kuamshwa usiku na mkusanya madeni. Kuvunjwa kwa faragha njia panda ni kama moto wa porini: hauulizi mpaka wa shamba.

Mamlaka zimeliona. Agosti 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa mwongozo kwa wakopeshaji wa kidijitali walio chini ya daraja la pili la huduma ndogo za fedha, na Novemba mwaka huohuo ikatangaza orodha ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Nchini Kenya, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ilikwenda hatua nyingine: Septemba 2023 iliitoza Mulla Pride, kampuni ya mikopo ya simu, faini ya shilingi za Kenya 2,975,000 kwa kutumia majina na namba zilizopatikana kwa watu wengine kutuma vitisho. Google nayo, tangu tarehe 31 Mei 2023, imezikataza programu za mikopo zilizo kwenye duka lake kusoma majina na picha za mtumiaji. Katazo hilo lina maana kubwa kwako kuliko linavyoonekana. Kama katazo lipo dukani, basi mkopeshaji anayetaka majina yako atakukwepesha duka: atakutumia kiungo kwa WhatsApp au Facebook upakue faili moja kwa moja. Kiungo hicho chenyewe ndicho onyo.

*Kabla hujakopa kwenye simu:*

— Tafuta jina la kampuni, si la programu peke yake, kwenye orodha ya wenye leseni iliyo kwenye tovuti ya Benki Kuu. Programu hubadilisha jina kama ngozi ya nyoka.
— Usipakue kutoka kwenye kiungo ulichotumiwa.
— Ikiomba majina, picha au ujumbe mfupi, acha hapohapo. Usiseme "nitaiondolea ruhusa baadaye". Ikishanakili, kuondoa ruhusa ni kufunga zizi ng'ombe wakiwa wameshatoka.
— Piga picha ya skrini ya masharti, kiasi utakachopokea na kiasi utakachorudisha. Ukija kulalamika, huo ndio ushahidi.
— Kama umeshaingia: lipa ukiweza, usikope programu nyingine kulipa hii, watumie jamaa zako ujumbe mfupi mapema kueleza kinachoendelea, na uhifadhi kila tishio lililotumwa.

"Sina cha kuficha," na hoja nyingine nzito zaidi

Anayesema hana cha kuficha anadhani faragha ni kabati la dhambi. Jaribu kumwomba akusomee salio lake kwa sauti stendi. Atakataa, na hatakuwa amefanya kosa lolote. Anajua tu kwamba salio hilo likisikika, bei ya chumba itapanda, na binamu watatu watapiga kabla ya jua kuzama. Faragha ni uwezo wa kupatana bei bila mwenzako kuona mfukoni mwako. Mfanyabiashara anayejua kwamba leo una haraka, kwamba basi lako limeharibika na kwamba umepokea laki mbili saa moja iliyopita hana sababu ya kukupunguzia.

Hoja ya pili ni nzito na haifai kubezwa. Mtu wa Nyakanazi asiye na hati, asiye na mshahara, asiye na akaunti benki, anapata mkopo kwa sababu tu taarifa zake zimesomwa. Sola imefika nyumba ambazo hazijafikiwa na nguzo kwa sababu mtambo unaweza kuzimwa kutoka mbali mteja asipolipa. Bodaboda ya mkopo inatolewa kwa kijana asiye na kitu kwa sababu ina kifaa kinachosema iko wapi. Ondoa ufuatiliaji wote, na milango hiyo inafungwa. Ni kweli. Lakini hoja hiyo inathibitisha kwamba taarifa ni malipo, na malipo yana kanuni inayojulikana sokoni: bei hutajwa kabla. Kijana anayechukua pikipiki akijua kwamba mwenye mali anaiona popote amefanya biashara. Kijana asiyeambiwa kwamba njia zake za mwaka mzima zinahifadhiwa hata baada ya deni kwisha, na zinaweza kuuzwa kwa mtu mwingine, amelipa zaidi ya alichokubali. Kwa hiyo usiulize tu "mnachukua taarifa?" Uliza: mnachukua zipi, za nini, mnampa nani, na deni likiisha mnazifanyaje? Maswali manne, na muuzaji mzuri anaweza kuyajibu akiwa amesimama.

Hoja ya tatu husemwa kwa kukata tamaa: sheria iko Dodoma, sisi tuko hapa. Nusu yake ni kweli. Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha ya mtu tangu zamani, ila Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa mwaka 2022, ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ikazinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 3 Aprili 2024. Ni changa. Mei 2024 Mahakama Kuu, katika shauri lililofunguliwa na wakili Tito Magoti, iliona baadhi ya vifungu vyake havieleweki vizuri na kutaka virekebishwe. Ndiyo maana mwongozo huu umeanza na simu yako, ukaiacha sheria mwishoni. Hata hivyo malalamiko hayahitaji nauli ya Dodoma. Yanahitaji ushahidi na maandishi.

Kudai kilicho chako

Sheria inasema taarifa binafsi ni taarifa ya mtu anayetambulika iliyohifadhiwa kwa namna yoyote ile. Soma tena maneno hayo ya mwisho: daftari la guesti limo, la wakala limo. Anayekusanya anatakiwa akueleze kusudi, asikusanye zaidi ya kusudi hilo, na asitumie kwa jambo jingine. Wewe una haki ya kujua wanacho nini, kukirekebisha kama kina makosa, kudai kifutwe pale ambapo hakina sababu tena, kukataa kutumiwa matangazo, na kutoachiwa mashine peke yake ifanye uamuzi unaokugusa sana. Ukipata madhara unaweza kudai fidia.

Anza kwa mhusika mwenyewe, kwa maandishi, hata kwa ujumbe wa simu. Mistari hii inatosha:

*"Mimi ni mteja wenu wa namba [namba ya simu]. Kwa mujibu wa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, naomba kujua: taarifa gani zangu mnazo, mlizipata wapi, mnazitumia kwa kusudi gani, na mmempa nani. Pia naomba msitumie namba yangu kwa matangazo kuanzia leo. Naomba jibu kwa maandishi."*

Andika tarehe, hifadhi nakala. Wakikaa kimya au wakikujibu kwa dharau, peleka malalamiko Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi kupitia tovuti yake, pdpc.go.tz, ukiambatanisha nakala na picha za skrini. Kama ni mkopeshaji, ipelekee pia Benki Kuu, ambayo ina tawi Mwanza. Kama ni ujumbe wa kitapeli, utume pamoja na namba iliyoutuma kwenda 15040. Na kama ni vitisho au picha ya kukudhalilisha, usisubiri Tume. Hilo ni jambo la polisi.

Kosa la kawaida hapa ni kupiga simu huduma kwa wateja mara kumi, ukafoka, ukakata. Simu haina nakala. Kosa jingine ni kufuta jumbe kwa hasira au aibu.

Kama daftari ni lako

Huenda wewe unayesoma ndiye mwenye guesti, wakala, fundi simu au muuza sola. Sheria inakuita mkusanyaji, inakutaka usajiliwe na Tume, na Tume inaweza kutoza faini inayofika shilingi milioni 100. Kenya, katika tangazo lilelile la Septemba 2023 lililoitaja Mulla Pride, sehemu moja ya starehe jijini Nairobi ilitozwa shilingi za Kenya 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake. Baa nyingi za barabarani huku zinafanya hivyo kila Jumamosi. Lakini zaidi ya faini, mteja anayelala bila kupigiwa usiku anarudi.

— Daftari likae upande wako wa kaunta. Andika wewe, au funika kurasa na mistari ya waliotangulia kwa karatasi ngumu.
— Daftari la wageni lina sababu yake, polisi wakija kuulizia. Kwa hiyo lisitumike kutafuta wateja wa biashara nyingine, na mhudumu aambiwe waziwazi kwamba kuchukua namba ya mgeni humo ni kufukuzwa kazi.
— Uliza kinachohitajika tu. Kabila la mteja wa chipsi halihitajiki.
— Usiache nakala za vitambulisho kwenye kompyuta ya kudurufu. Futa mteja akiwa anaona.
— Daftari lililokwisha muda lichomwe, lisiuzwe kwa mama wa karanga.

Mteja naye ana neno la kusema pale kaunta, na halihitaji ugomvi. "Samahani dada, namba hii inatumika wapi?" Ukijibiwa "ni utaratibu tu," taja laini yako ya kutaja. Ukijibiwa vizuri, na jibu likakuridhisha, taja.

Kabla ya kuitupa laini

Watu wa njia panda hubadilisha laini kirahisi: mtandao fulani hausomi porini, mwingine una bando nafuu, mtu anahamia Kigoma au anavuka Rusumo akakaa. Laini ikikaa muda mrefu bila kutumika, kampuni huweza kuifunga na kuiuza namba ileile kwa mtu mwingine, na uzi wote uliokuwa umeshonwa kwako unabaki umening'inia kwake: ujumbe wa benki, tarakimu za kufungulia Facebook, mkusanya madeni, hata mtoto anayeomba ada. Kwa hiyo, ukiwa bado unayo mkononi, toa pesa zote na uifunge akaunti ya pesa. Badilisha namba kwenye benki, WhatsApp, Facebook na barua pepe. Mjulishe anayekuuzia sola. Waambie wazazi wa nyumbani kwa sauti yako, si kwa ujumbe, kwamba namba ile si yako tena. Nenda duka la kampuni uifute kwenye NIDA yako. Halafu piga tena *106# uhakikishe haimo.